Sindano za ganzi kwenye kovu: nilipie kumi au niache?

Shikamoo Daktari,

Nimesoma majibu yako kwa wengine kwa muda mrefu, na leo nimeona na mimi nikuandikie, maana nimefika mahali sijui nimsikilize nani.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa pili nilijifungua kwa upasuaji, na sasa ni mwaka wa tatu. Mshono ulipona vizuri, haukutunga usaha, na kovu lenyewe ni jembamba, limelala chini ya tumbo kama ilivyo kwa wengi. Lakini upande wa kulia, pale kovu linapoishia, pana sehemu ndogo ninayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, nayo inawaka moto. Nikisimama wima ghafla, nikijinyoosha kuchukua kitu juu ya kabati au nikipanda ngazi, napigwa na kitu kama shoti ya umeme kinachoshuka hadi kwenye kinena na upande wa ndani wa paja. Ngozi ya hapo imekufa ganzi nusunusu, na nguo ya ndani ikigusa nasikia ukakasi. Nikijikunja, au nikilala na goti limeinuliwa, napata nafuu. Nimekuwa mtu wa kutembea nimeinama.

Nimepimwa ultrasaundi ya kizazi, mkojo na damu, vyote wanasema viko sawa. Daktari mmoja aliniambia ni mawazo. Mwingine aliniandikia vidonge vya maumivu, na sasa navimeza karibu kila siku. Juu ya hayo nina kipandauso tangu usichana, ambacho siku hizi kimezidi, na bega la kushoto nalo linaniuma.

Miezi michache iliyopita nilielekezwa kwa mtaalamu anayetibu maumivu sugu kwa sindano za ganzi. Alinichoma sindano ndogondogo kando ya kovu lote. Daktari, baada ya dakika chache lile eneo lilitulia kabisa. Nilisimama wima. Nilirudi nyumbani nikamnyanyua mwanangu nikampakata kiunoni, jambo ambalo nilikuwa nimeshaliacha. Jioni ganzi ikaisha, lakini maumivu yalikuwa madogo na nililala usiku kucha. Kesho yake mchana yakarudi yote kama yalivyokuwa.

Niliporudi kwake akasema hiyo ni dalili njema, kwamba kovu langu ni “eneo la usumbufu” linalovuruga neva, yaani mishipa ya fahamu, za mwili mzima, na kwamba ndilo linaloleta kipandauso na maumivu ya bega. Anataka nilipie sindano kumi kwa mkupuo: kwenye kovu la upasuaji, kwenye kovu la zamani la goti, kwenye fizi nilipong’olewa jino, kooni penye tonsili, na nyingine ya prokaini, aina mojawapo ya ganzi, kwenye mshipa wa damu. Mume wangu amekataa. Anasema ganzi ni ganzi tu, inaficha maumivu kwa saa moja, na kama ingekuwa dawa yasingerudi. Dada yangu mkubwa anasema niende, maana hakuna kingine kilichowahi kuninyoosha mgongo.

Je, sindano hizi ni tiba kweli au nimepumbazwa? Na kama maumivu yalirudi kesho yake, si ina maana zimeshindwa?

Mwenye Kovu

*

Marahaba, binti yangu.

Nianze na yule aliyekuambia ni mawazo, kwa sababu kauli ile inaumiza watu wengi na ningependa uiweke kando kabla hatujaendelea. Maumivu uliyonieleza yana mipaka. Yanaanzia mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, yanafuata njia moja hadi kinenani, yanaamshwa na mjongeo uleule na kutulizwa na mkao uleule. Hayo ni maelezo ya neva iliyobanwa au iliyojeruhiwa, na kwa mshono wa aina yako neva zenyewe zinajulikana. Katika ukuta wa tumbo, kila upande, kuna neva mbili zinazopita kati ya tabaka za misuli karibu na mfupa wa nyonga na kuteremka kuelekea kinena. Mshono wa kulala chini ya tumbo ukienda mbali kidogo upande mmoja, neva mojawapo inaweza kukatwa, kunaswa na uzi, au kuzingirwa na kovu wakati jeraha linapona. Ukinyoosha nyonga, neva inavutwa, ukijikunja, inalegea. Ndiyo maana unatembea umeinama.

Ultrasaundi ya kizazi haiwezi kuonyesha jambo hilo, wala kipimo cha mkojo au damu. Vilikuwa vipimo vizuri vya kutafuta kitu kingine.

Madaktari wanaotafuta tatizo hili huangalia mambo matatu: maumivu ya kuwaka au ya shoti karibu na kovu yanayosambaa kwenye eneo la neva ile, mabadiliko ya hisia kwenye ngozi ya eneo hilo, na maumivu kutoweka ganzi inapochomwa mahali panapohusika. Mawili ya kwanza umeniandikia mwenyewe bila kuulizwa. La tatu lilitokea siku ile ulipomnyanyua mwanao.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu kwanza. Hapana, kurudi kwa maumivu kesho yake hakumaanishi sindano ilishindwa. Sindano ya kwanza ya ganzi kwa mtu mwenye maumivu sugu huchomwa hasa kwa ajili ya kuuliza swali: je, maumivu yanatoka hapa? Yako ilijibu. Kwa saa zile chache ulisimama wima na ukabeba uzito. Watu wengi hukaa miaka bila kupata jibu lililo wazi kiasi hicho. Kosa ninaloliona ni kwamba jibu lilipopatikana, halikufuatwa. Badala ya kuitazama neva moja upande wa kulia, mmepelekana gotini, kwenye fizi na kooni.

Hapa nieleze dawa yenyewe inavyofanya kazi, ili wewe na mumeo mzungumze mkiwa na ufahamu mmoja. Ujumbe wa maumivu husafiri ndani ya neva kwa njia ya umeme, na umeme huo huzalishwa chembechembe za sodiamu zinapoingia kwenye neva kupitia vijimlango vidogo sana. Lidokaini, prokaini, bupivakaini na ndugu zao huviziba vijimlango hivyo kwa muda. Ujumbe hauendi, nawe husikii. Dawa inapochukuliwa na damu na kuondoka, milango inafunguka tena na neva inabaki kama ilivyokuwa. Prokaini, iliyoanza kutumika mwaka 1905, huisha haraka, mara nyingi ndani ya saa moja. Lidokaini peke yake hudumu saa moja hadi mbili hivi, na hurefuka ikichanganywa na adrenalini. Bupivakaini inaweza kufika saa nne hadi nane, au hata zaidi.

Mumeo basi yuko sahihi kuhusu muda wa dawa. Ila mwenyewe umeshuhudia kwamba nafuu ilivuka muda huo, ukalala hadi asubuhi. Hilo hutokea mara kwa mara, na zipo sababu zinazoeleweka. Neva iliyoudhika kwa muda mrefu huzoea kurusha ujumbe hata bila kuguswa, na uti wa mgongo unaoupokea nao hujizoesha kuupokea kwa sauti kubwa. Ukinyamazisha chanzo kwa saa kadhaa, mfumo mzima unaweza kushuka ngazi na kuchukua muda kabla ya kupanda tena. Misuli iliyokuwa imekaza kulilinda tumbo nayo hulegea, ukatembea vizuri, ukalala, na usingizi wenyewe hupunguza maumivu. Kwa wagonjwa wengine, kila sindano huongeza urefu wa nafuu, hadi maumivu yanabaki kidogo au yanaisha kabisa. Kwa wengine nafuu haiongezeki hata baada ya kurudia, na hao inabidi watafutiwe njia nyingine. Hakuna anayeweza kukuambia leo utakuwa upande gani, na hiyo pekee ni sababu tosha ya kutolipia kumi kwa mkupuo.

Lazima niongeze tahadhari moja ambayo wanaouza sindano hizi huwa hawaitaji. Kuna watu wanaopata nafuu ya kweli hata wakichomwa maji ya chumvi tu. Si waongo wala si wajinga. Ubongo unaotarajia nafuu huweza kuishusha sauti ya maumivu wenyewe. Ndiyo maana jaribio moja halitoshi kumpeleka mtu kwenye hatua kubwa. Njia nzuri ni kurudia siku nyingine kwa ganzi ya muda tofauti, bila wewe kuambiwa ni ipi. Kama mara moja nafuu inakaa saa moja au mbili na mara nyingine inakaa nusu ya siku, kulingana na dawa iliyotumika, ushahidi unakuwa mzito zaidi.

Sasa hili la “eneo la usumbufu”. Halikubuniwa na mtaalamu wako. Lina historia, na ni haki uijue. Mwaka 1925, daktari Mjerumani aitwaye Ferdinand Huneke alimchoma dada yake, aliyekuwa akisumbuliwa na kipandauso, dawa ya baridi yabisi kwenye mshipa wa damu. Dawa ile ilikuwa na prokaini ndani yake, na kipandauso kikatoweka. Yeye na kaka yake Walter wakaanza kuchunguza prokaini kama dawa ya maumivu. Kisha mwaka 1940 akamtibu mwanamke mwenye maumivu ya bega yaliyokataa kila kitu. Alipochoma ganzi kwenye kovu la mguuni, lililobaki baada ya ugonjwa wa mfupa, bega likapona papo hapo. Kutokana na tukio hilo akajenga nadharia kwamba kovu, jino au tonsili mahali popote mwilini vinaweza kuvuruga mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe, ule unaosimamia mishipa ya damu, jasho na matumbo, na kusababisha ugonjwa mbali kabisa na hapo. Hadi leo madaktari kadhaa, hasa Ujerumani, Uswisi na Austria, hutibu kwa njia hiyo.

Simdharau Huneke. Aliona kitu akakifuata. Lakini kisa cha mgonjwa mmoja aliyepona kwa sekunde, hata kiwe cha kweli kiasi gani, hakituambii wangapi walichomwa na hawakupona, wala wangapi wangepata nafuu kwa sindano ya maji. Majaribio ya kulinganisha kuhusu nadharia hii ni machache na mengi ni madogo. Kuchoma ganzi kwenye neva inayouma, kwenye fundo la msuli linalouma au kando ya kovu linalouma ni sehemu ya kawaida ya tiba ya maumivu, na sina wasiwasi nayo. Kumchoma mtu gotini pasipouma ili kutibu bega ni dai kubwa lenye ushahidi mdogo. Mtaalamu wako ameyafunga mawili hayo katika kifurushi kimoja, na ufanisi wa la kwanza anautumia kukuuzia la pili. Yatenganishe.

Kuna sindano mbili kwenye orodha ile ambazo nakuomba uzikatae hata ukipewa bure. Ya kwanza ni ya kooni. Nyuma ya tonsili, si mbali, hupita mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Ganzi kidogo tu ikiingia humo kwa bahati mbaya inafika kwenye ubongo ikiwa nzito, na mgonjwa anaweza kupata degedege akiwa bado kwenye kiti. Ya pili ni ya prokaini kwenye mshipa wa damu. Dawa za kundi hili huwa zinapewa kwa njia hiyo kwa baadhi ya maumivu ya neva, lakini panakuwa na mashine ya kufuatilia moyo, daktari anayejua kuokoa mgonjwa, na dozi iliyopigiwa hesabu. Uliniambia alikuchoma, hukuniambia kama alikupima presha, alikuuliza uzito wako au alikuuliza kama una mzio. Kutotaja kwako si ushahidi kwamba hakufanya, ila uliza.

Uzito unahusika kwa sababu ganzi ina kiwango cha juu. Kwa lidokaini isiyo na adrenalini, kiwango kinachotumika sana ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mwili, bila kuzidi 300 kwa jumla, na wapo wanaoweka chini ya hapo. Mtu wa kilo 60 anafika kwenye miligramu 270. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo hiyo ni mililita 27. Ya asilimia 2 ni nusu yake. Sindano moja kwenye neva yako haihitaji hata nusu ya kiasi hicho. Lakini mtu akichomwa kovu, goti, fizi na koo kwa kikao kimoja, jumla inapanda haraka, na mwili hauhesabu sehemu, unahesabu jumla. Dozi ikizidi, dalili za mwanzo ni ganzi kuzunguka midomo, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu, maneno kukwama, misuli kurukaruka. Baadaye huja degedege na moyo kuvuruga mapigo. Ukisikia hata moja ya zile za mwanzo ukiwa unachomwa, sema hapohapo, usivumilie kwa heshima. Mahali panapochoma ganzi nyingi panapaswa kuwa na oksijeni na dawa ya mafuta ya kudungwa kwenye mshipa, asilimia 20, ambayo ndiyo hutumika kuokoa mtu aliyezidiwa na ganzi. Waulize kama wanayo. Wasiposhangaa swali lako, ni dalili nzuri.

Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wenye matatizo ya mapigo ya moyo, wenye kifafa na wenye maambukizi kwenye ngozi ya mahali pa kuchomwa wanapaswa kusema kabla. Na waliowahi kupata mzio kwa prokaini wajue kwamba lidokaini ni ya familia nyingine ya ganzi, kwa hiyo njia haijafungwa. Wamweleze daktari, achague.

Kabla hujachomwa tena, nataka mambo mawili yaangaliwe. Jiulize kama maumivu yanazidi siku za hedhi, na upapase kama kuna uvimbe mgumu karibu na kovu. Tishu za ukuta wa ndani wa kizazi huweza kupandikizwa kwenye mshono wakati wa upasuaji, zikaendelea kuvimba kila mwezi. Hilo lina tiba yake, na ganzi ingekupotezea muda. Jambo la pili ni ngiri ya mshono, uvimbe unaotokeza ukikohoa au ukisimama na kurudi ndani ukilala. Daktari wa upasuaji au wa wanawake ataviona vyote viwili kwa mikono na ultrasaundi ya ukuta wa tumbo, tofauti na ile ya kizazi uliyofanyiwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho unaweza kukijaribu mwenyewe kitandani. Lala chali, weka kidole pale panapowaka, bonyeza hadi uhisi maumivu. Ukiwa bado umebonyeza, inua kichwa na mabega bila kutumia mikono, misuli ya tumbo ikaze. Maumivu yakibaki vilevile au yakizidi, chanzo kina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye ukuta wa tumbo. Yakipungua, misuli imekuwa ngao, na tatizo huenda liko ndani zaidi. Kipimo hiki kilielezwa na daktari wa upasuaji aitwaye Carnett mwaka 1926 na bado kinatumika, hakihitaji kifaa chochote. Mwonyeshe daktari matokeo. Usikitumie kujipa jibu la mwisho.

Kisha tafuta daktari wa maumivu, ambaye mara nyingi ni daktari wa usingizi na ganzi aliyeongeza ujuzi huo. Mwambie hivi: nina maumivu mwishoni mwa kovu upande wa kulia yanayoshuka kinenani, ngozi ya hapo haina hisia kamili, na nilipochomwa ganzi yalitoweka kwa saa kadhaa. Maneno hayo yatamfungulia njia kuliko faili lako lote la vipimo. Omba sindano ielekezwe kwa ultrasaundi, ili aione neva kati ya tabaka za misuli na kuweka dawa kidogo pale inapotakiwa. Mtaalamu wako alichoma kovu lote, kwa hiyo tunajua maumivu yanatoka eneo lile, ila hatujajua kwa uhakika ni neva ipi.

Siku hiyo chukua karatasi. Andika maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10 kabla ya sindano, baada ya nusu saa, kisha kila saa hadi ulale, na asubuhi. Muhimu zaidi, fanya yale yanayokuumiza. Panda ngazi. Jinyooshe kwenye kabati. Mnyanyue mtoto, taratibu. Wagonjwa wengi hutoka hapo wakaenda kulala, halafu daktari akiuliza wanasema sijui, nilipumzika. Sindano ya kuuliza swali inakuwa imepotea bure. Paja linaweza kulegea kwa saa chache ganzi ikisambaa kwenye neva ya jirani, kwa hiyo ngazi zipande ukiwa umeshika kitu au mtu, mtoto mnyanyue ukiwa umekaa, na usiendeshe gari siku hiyo.

Ikifanya kazi, daktari anaweza kurudia mara chache, pengine akiongeza kidogo steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Wenye kisukari wajue kwamba steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Nafuu ikirefuka kila mara, endeleeni. Ikibaki ileile ya siku moja, msiendelee kuchoma tu. Zipo dawa za maumivu ya neva kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, au gabapentini, upo mkanda wa lidokaini wa kubandika juu ya ngozi, na kwa wachache waliothibitishwa vizuri upo upasuaji wa kuifungua au kuikata neva. Ukiikata, ngozi ya eneo lile hubaki na ganzi daima, hivyo ni uamuzi wa kufanya baada ya sindano kujibu zaidi ya mara moja. Pamoja na hayo nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia akusaidie kuinyoosha nyonga tena, kwa sababu miaka ya kuinama imefupisha misuli, na bega lako, lisipopatikana sababu nyingine, huenda ni mojawapo ya madeni ya mkao huo. Bega lichunguzwe kama bega.

Kuhusu kipandauso, kuna sentensi moja kwenye barua yako niliyoirudia kuisoma: vidonge karibu kila siku. Mtu mwenye kipandauso akimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, au zile zenye mchanganyiko wa dawa zaidi ya moja siku 10, dawa zenyewe zinaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Umesema kimezidi siku hizi. Kabla ya kulilaumu kovu, hesabu vidonge vyako vya mwezi mmoja na umpelekee daktari. Usiviache ghafla bila ushauri wake, kwa sababu siku za mwanzo kichwa huwa kikali na zipo namna za kukuvusha. Kipandauso kina sindano zake pia, za ganzi kwenye neva za kisogoni, na huwasaidia baadhi ya watu. Hizo huchomwa kisogoni na hazihusiani na goti wala jino.

Usisubiri miadi yoyote ukipata udhaifu wa mguu, ganzi kati ya mapaja pande zote mbili, kushindwa kuzuia mkojo au choo, homa, au wekundu na usaha kwenye kovu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mumeo mwambie kwamba alikuwa sahihi kukataa kifurushi, na kwamba kwenye sindano ile ya kwanza wewe ndiye uliyesikia vizuri. Muombe aje naye kwa daktari wa maumivu, akae na ile karatasi, awe ndiye anayeandika namba. Dada yako naye alitazama jambo la maana, kama unasimama wima au la, na ndilo la kupima kila kitakachofuata.

Kwa mtaalamu wako rudi mara moja tu, umwombe akuandikie jina la ganzi aliyotumia, asilimia yake, mililita ngapi na alichoma wapi. Ni haki yako, na daktari mpya ataihitaji. Akikuandikia, mshukuru, sindano yake imekusaidia. Akikataa, andika unachokumbuka wewe mwenyewe, saa uliyochomwa na saa ganzi ilipoisha. Kutokana na muda huo daktari anaweza kukisia ilikuwa dawa gani.

Daktari